Krismasi ya Kwanza Ugenini: Mwongozo Kamili kwa Mmisionari Kijana

Kijana aliyetumwa ng'ambo anapokaribia Krismasi yake ya kwanza huniuliza karibu kila mara swali lile lile: nifanye nini ili siku hiyo isinivunje moyo? Humjibu kwamba siku yenyewe mara nyingi haina shida. Tarehe 25 kuna ibada, kuna watu, kuna kuimba, na mwili umechoka kiasi kwamba hata machozi hayapati nafasi. Kinachouma ni jioni ya tarehe 23, unapopita mtaani na kuona kila mtu ana mfuko mkononi na mahali pa kuupeleka. Halafu inauma tena tarehe 27, simu zimenyamaza, mapambo bado yananing'inia, na miezi ya utume iliyobaki imejipanga mbele yako.

Nilitumika ugenini nikiwa na miaka ishirini na miwili. Tangu hapo nimewaandaa vijana kadhaa wa makanisa tofauti, na jambo moja limejirudia kwao wote. Mmisionari amefundishwa kutoa: kutoa muda, kutoa neno, kutoa nguvu. Krismasi ugenini inamdai jambo gumu kuliko hayo, nalo ni kukubali kupokewa. Hatua zote ninazoeleza hapa zinaelekea huko, hata zile zinazohusu fomu za posta na soksi.

Mapema Novemba: ijue kalenda ya watu uliotumwa kwao

Usichukulie kwamba Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mahali. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Urusi, Serbia na Georgia, Wakopti wa Misri na Kanisa la Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari, kwa kuwa ibada zao hufuata hesabu ya zamani ambayo kwa sasa iko nyuma kwa siku 13. Kanisa la Armenia huadhimisha tarehe 6 Januari. Ukraine ilihamishia sikukuu ya taifa tarehe 25 Desemba kwa sheria ya mwaka 2023, kwa hiyo hapo unaweza kukuta bibi na mjukuu wa nyumba moja wana tarehe mbili. Japani, tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Ujerumani, Polandi na nchi za Skandinavia, uzito wote uko jioni ya tarehe 24. Ukibisha hodi asubuhi inayofuata ukidhani sherehe ndiyo inaanza, utakuta nyumba imelala.

Waulize wenyeji watatu wa rika tofauti maswali matatu. Siku kubwa ni ipi hasa? Nani hukusanyika na nani? Na nani hubaki peke yake? Andika majibu kwenye daftari. Swali la tatu ndilo litakalokupa kazi ya Desemba nzima, na wenyeji hulijibu kwa majina wakishakuamini.

Uliza pia habari za usafiri na maduka. London, treni za chini ya ardhi na mabasi husimama tarehe 25 Desemba siku nzima, na nimesikia habari za vijana waliotembea saa mbili kwenda ibadani kwa kutolijua hilo. Nunua mahitaji ya siku tatu kabla milango haijafungwa.

Kanisa lako likiadhimisha Majilio, kumbuka yanaanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Yatumie. Majuma manne ya kusubiri yanamfaa sana mtu aliye mbali, kwa sababu yanampa ruhusa ya kusema kwamba bado kuna kitu hakijafika.

Sheria kwanza, nyimbo baadaye

Hili nitalipita haraka, ila usilidharau. Mambo ambayo kwenu ni ya kawaida, kama kuimba barabarani au kugawa vipeperushi sokoni, kwingine ni kosa. Urusi, sheria ya mwaka 2016 imebana kazi ya umisionari nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, na anayeifanya hudaiwa kibali cha maandishi kutoka jumuiya yake ya kidini. Nepal, sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaadhibu kumbadilisha mtu dini, na mgeni akipatikana na hatia hufukuzwa nchini baada ya kifungo. Brunei imezuia sherehe za Krismasi za hadharani. Soma masharti ya viza yako neno kwa neno, muulize msimamizi wako, kisha muulize mchungaji au padri mwenyeji, kwa maana yeye ndiye atakayebaki na majirani baada ya wewe kuondoka. Kosa lako la jioni moja linaweza kulipiwa na kanisa lake kwa miaka.

Na watoto. Msimu huu watakuwa wengi karibu nawe. Usikae chumbani na mtoto peke yenu, usipige picha bila idhini ya mzazi, na usimpe mtoto zawadi ambayo mzazi wake hajui imetoka wapi. Zawadi isiwe na sharti la kuhudhuria ibada. Ikiwa na sharti, mzazi ataliona kabla yako, na ana haki ya kukasirika.

Vifurushi na barua

Waambie wa nyumbani watume mapema, ikibidi mwishoni mwa Oktoba. Desemba vifurushi hulundikana katika posta za dunia nzima, na kifurushi kilichotumwa tarehe 5 Desemba kina nafasi nzuri ya kukufikia Februari. Kila kifurushi cha kuvuka mpaka huambatana na fomu ya forodha: CN22 kwa vitu vya thamani ndogo, CN23 kwa vya thamani kubwa zaidi. Wasiandike “zawadi” wakaishia hapo. Waandike kilichomo: soksi za sufu jozi mbili, daftari moja, picha za familia. Neno zawadi peke yake halimwondolei mtu ushuru, na maelezo yasiyo wazi ndiyo yanayofanya kifurushi kifunguliwe. Wasitie fedha taslimu, betri zisizo ndani ya kifaa, wala chakula kinachooza. Nawe ulizia kama posta ya hapo inakuletea mlangoni au unakwenda kuchukua na pasipoti mkononi.

Kama hawana uwezo wa kutuma kifurushi, waombe kitu kimoja tu: barua iliyoandikwa kwa mkono. Fransisko Xavier, ambaye sikukuu yake huangukia tarehe 3 Desemba, aliwaandikia wenzake mwaka 1546 kutoka Ambon, katika Indonesia ya leo, akawaambia kwamba amekata majina yao kutoka kwenye barua walizomwandikia kwa mikono yao na anayabeba mwilini popote aendapo. Alikuwa kwenye visiwa ambako jibu la barua lilichukua miaka. Ukipata karatasi moja yenye mwandiko wa mama au wa kaka, utaelewa kwa nini mtu aliyevuka bahari mbili alihitaji herufi chache tu.

Nawe una barua ya kuandika, ile ya kwenda kwa watu wanaokuchangia. Iandike katika juma la pili la Novemba, kabla kazi haijakumeza. Lottie Moon, Mbaptisti wa Marekani aliyekwenda China mwaka 1873, aliwaandikia wanawake wa makanisa ya kwao mwaka 1887 akiwasihi watenge juma la kabla ya Krismasi kwa maombi na matoleo. Mwaka uliofuata walikusanya dola 3,315, zikatosha kutuma wamisionari watatu. Barua zake zilikuwa na nguvu kwa sababu alitaja hitaji lenyewe bila kulizungusha: kazi imemzidi, wanahitajika watu. Alifariki mkesha wa Krismasi wa mwaka 1912, melini katika bandari ya Kobe, akiwa safarini kurudi nyumbani.

Kwa hiyo barua yako iwe na kisa kimoja, kilichoelezwa vizuri, badala ya orodha ya shughuli kumi na nne. Mwombe ruhusa mtu unayemtaja, au mfiche jina na mtaa. Usitume picha ya nyumba ya mtu maskini ili wachangiaji waguswe. Jiulize kama ungependa jikoni kwa mama yako pawekwe kwenye barua ya mgeni. Taja unachohitaji kwa tarakimu. Shukuru. Funga bahasha.

Simu ya nyumbani: panga saa, panga maneno

Zamani jambo hili lilikuwa na uzito mwingine. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa mfano, wamisionari vijana waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, hadi Februari 2019 ambapo waliruhusiwa kuipigia familia simu kila juma. Mashirika mengine hayana kikomo. Ruhusa ikiwa kubwa, hatari hugeuka: mtu anaweza kuishi Desemba nzima ndani ya simu, mwili wake uko ng'ambo na macho yako sebuleni kwao.

Kwanza, hesabu saa. Kama uko mbele kwa saa nane, saa mbili usiku ya kwako ni saa sita mchana ya nyumbani. Angalia pia nchi zinazosogeza saa: Ulaya hurudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti uliyoizoea Agosti inaweza kuwa imebadilika kwa saa nzima, na familia ikakaa imevaa nguo za sikukuu ikisubiri simu isiyolia.

Pili, chagua saa ambayo baada yake una mahali pa kwenda. Hili naliona kubwa kuliko yote katika sehemu hii. Simu yangu ya kwanza ya Krismasi niliipiga usiku wa tarehe 25, saa nne, chumbani peke yangu. Walipokezana simu. Kila aliyeishika aliniuliza kama nimekula. Picha iliganda shangazi akiwa katikati ya kucheka, mdomo wazi, mkono mmoja hewani, na nikabaki namtazama hivyo dakika nzima kabla mawasiliano hayajakatika kabisa. Kisha chumba kikawa na sauti moja tu, ya jokofu. Sikulala hadi alfajiri. Mwaka uliofuata nilipiga asubuhi, saa moja kabla ya kwenda ibadani, na nilipokata nilikuwa na viatu miguuni tayari.

Tatu, weka kikomo na ukitaje mwanzoni. Dakika arobaini zinatosha. Ukisema mapema “nina hadi saa tatu, halafu natoka”, hakuna atakayedhani umechoka nao. Andika kando majina ya wote unaotaka kuwasikia, ili usikate ukakumbuka babu hakupewa simu. Mama akilia, usimnyamazishe haraka kwa kusema uko sawa. Mwambie nawe umemkumbuka. Mzazi hutulia zaidi akisikia ukweli uliopimwa kuliko furaha ya kulazimisha.

Mwili wako

Vijana wengi huniambia wana vita vya kiroho Desemba, nikiwauliza kila usiku wanalala kwa muda wa saa ngapi, wanasema nne. Anza na mwili.

Ukitumwa kaskazini ya mbali, giza ni jambo la kweli. Helsinki, siku fupi kuliko zote katika Desemba ina mwanga kwa muda usiofika saa sita, na Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwanga ukipungua, watu wengine hupatwa na huzuni ya majira: usingizi mzito, hamu ya kula iliyozidi, uzito wa kuamka. Toka nje saa za mchana hata kama kuna mawingu. Wenyeji huwa na taa maalumu za mwanga mkali wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambazo mtu hukaa karibu nazo asubuhi kwa dakika 20 hadi 30; muone daktari kwanza, hasa kama una ugonjwa wa macho au wa hisia zinazopanda na kushuka.

Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine kuliko koti moja nene juu ya shati. Beba soksi kavu mfukoni. Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupata joto. Hewa ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Nyumba ikiwa baridi kupita kiasi, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Kuvumilia baridi ya namna hiyo hakuna thawabu yoyote.

Ukitumwa kusini mwa ikweta, Desemba yako itakuwa ya jua kali: maji, kofia, na mikutano mirefu ihamie asubuhi.

Mwenzako wa kazi

Kama mmepangwa wawili wawili, kaeni chini kabla ya tarehe 10 Desemba mwambiane kila mmoja anaibeba Krismasi gani. Mmoja anataka kimya na maombi, mwingine bila kelele anajihisi amekufa. Mmoja amefiwa na baba mwezi kama huu. Mmoja hutokea kanisa lisiloadhimisha kabisa. Nimeona wawili waliopendana mwaka mzima wakakosa kusemeshana juma zima kwa sababu ya nyota ya karatasi dirishani, na chini ya nyota kulikuwa na msiba ambao mmoja hakuwa ameutaja.

Kubalianeni juu ya jambo moja la kufanya pamoja na jambo moja ambalo kila mtu ataachiwa peke yake. Inatosha.

Kazi ya msimu: chagua chache

Desemba mialiko ya huduma humiminika: kwaya, mchezo wa Noeli, chakula cha wazee, ziara ya hospitali, ibada tatu juma moja. Ukikubali yote, utafika mkesha umebaki ganda. Rudi kwenye daftari lako na lile swali la tatu, nani hubaki peke yake, kisha chagua mawili au matatu ambayo utayafanya vizuri. Wanafunzi wa kigeni waliobaki bwenini huwa hawakumbukwi. Wafanyakazi wahamiaji pia. Kama mji una bandari, uliza habari za mabaharia. Huduma kama Mission to Seafarers, iliyoanza mwaka 1856, na Stella Maris ya Wakatoliki, iliyoanza Glasgow mwaka 1920, huwafikia walio kwenye meli msimu huu, na mara nyingi zinahitaji mikono.

Hospitali, piga simu kabla. Nendeni wawili au watatu, si kumi na wawili. Usimpe mgonjwa kitu cha kula bila kumuuliza muuguzi, maana huenda anasubiri upasuaji au ana kisukari. Ukiingia chumbani, tafuta kiti uketi, hata kwa dakika tano. Mgonjwa anayeangaliwa na mtu aliyesimama huhisi anakaguliwa. Uliza kama angependa wimbo kabla ya kuimba. Wapo wanaotaka tu mtu wa kuwaeleza matokeo ya mpira.

Kupokewa

Sasa nifike nilipokuwa naelekea.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa imekaliwa na wamisionari wengine kabla yangu. Novemba, nikitafuta kijiko, nilikuta kwenye droo ya jikoni karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko nisioujua, mistari mitatu. Bomba huganda, acha maji yadondoke kidogo usiku. Duka la kona hufungwa saa nane tarehe 24. Mama wa ghorofa ya chini atakukaribisha jioni hiyo: nenda.

Mama huyo alinikaribisha kweli, tarehe 20, kwenye ngazi. Nikamshukuru, nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na aibu ya kwenda mikono mitupu, aibu ya lugha yangu iliyovunjika, na zaidi ya hayo, nilidhani mmisionari hapaswi kuwa mtu wa kuhurumiwa. Lile neno la mwisho kwenye karatasi, nenda, lilinisumbua siku nne. Nikaenda.

Alinikalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, chenye mto uliochakaa upande mmoja. Mjukuu wake wa miaka kama minane akasema kitu, watu wote wakanyamaza. Ilinichukua muda kuyapanga maneno kichwani: hapo hakujakaa mtu tangu babu afe. Nikaanza kuinuka. Yule mama akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini, akaendelea kupanga sahani. Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili za ujumbe niliouandaa, nimeutafsiri kwa kamusi kwa saa tatu. Zilibaki mfukoni. Nilikula, nikamsikiliza, nikamsaidia mjukuu kuokota karanga zilizomwagika chini ya meza. Miezi mitatu baadaye yeye mwenyewe aliniuliza kwa nini niliacha nyumbani kwetu nikaja kwao, na siku hiyo ndipo nilipoongea.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi niliisikia kama methali ya ukarimu. Kwenye kiti kile niliielewa kwa upande wa mgeni: kuna mwenyeji anayehitaji uje, naye hawezi kupona ukiwa umejifungia chumbani ukijitoa mhanga.

Kwa hiyo, kivitendo. Ukialikwa, jibu ndiyo kabla hujapata muda wa kutunga udhuru, isipokuwa kanuni za utume wako zinakataza au mahali si salama. Uliza mambo manne: saa ngapi, watakuwepo nani, viatu huvuliwa au la, na ulete nini. Wakisema usilete kitu, leta kitu kidogo hata hivyo, ila kisiwe kitabu cha dini. Mwambie mwenyeji siku mbili kabla kama kuna chakula usichokula au hunywi kileo. Ukisema mezani, umemwaibisha. Jifunze sentensi kumi za lugha yao, na mbili kati ya hizo ziwe za kushukuru na za kuuliza juu ya mtu aliye kwenye picha ukutani. Hiyo ya picha hufungua jioni nzima.

Simu iache ndani ya koti. Usilinganishe chakula, nyimbo wala ibada yao na za kwenu, hata kwa kusifu. Ukiombwa kusali, sali kifupi, uwataje wenyeji kwa majina. Baada ya chakula, simama uoshe vyombo. Wakikukatalia, omba tena mara moja, kwa sababu methali nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mtu hujihisi wa nyumbani pale anapopewa jembe. Ondoka wakiwa bado wanataka ukae.

Na kama hakuna aliyekualika? Hutokea, hasa mahali ambapo Krismasi haina maana kwa majirani. Basi uwe wa kwanza kuomba. Mwambie mmoja wa waumini: sina mahali pa kwenda tarehe 24, naweza kukaa nanyi? Sentensi hii ni ngumu mdomoni kuliko mahubiri. Iseme.

Usiku unapokuwa mzito

Mwaka 1688 mwanafunzi kijana wa udaktari huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliandika juu ya watu waliougua kwa kuwa mbali na kwao, akaupa ugonjwa huo jina linalotumika hadi leo katika lugha nyingi, nostalgia. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, akiandika katika jarida lililosomwa sana na wamisionari, alieleza hatua ambazo mtu hupitia katika utamaduni mgeni: kwanza kila kitu kinapendeza, kisha kila kitu kinakera, halafu kidogo kidogo mtu hupata nafuu na kuzoea. Aliyefika Agosti au Septemba, Desemba humkuta mara nyingi katikati ya ile hatua ya kukera. Nakueleza haya ili usidhani imani yako imepungua kwa sababu leo sauti ya majirani inakuchukiza.

Ipe huzuni saa yake. Mkesha, tenga saa moja: toa picha, soma barua, lia ukitaka, imba wimbo wa kwenu kwa lugha ya kwenu. Soma sura ya pili ya Luka polepole. Utakutana na mama kijana aliye mbali na kwao, mtoto aliyelazwa horini kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, na kwa Mathayo utakuta familia hiyo hiyo inakimbilia Misri usiku. Saa ikiisha, nawa uso utoke.

Lakini kuna huzuni ambayo saa moja haiitoshi. Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa majuma mawili, ukishindwa kuamka kufanya kazi, au mawazo ya kutaka kufa yakakujia hata mara moja, mwambie mwenzako na msimamizi siku hiyo hiyo, na muombe wakupeleke kwa daktari. Usingoje sikukuu ipite. Kurudi nyumbani kutibiwa si kushindwa utume, na nitalisema hilo mbele ya kamati yoyote.

Baada ya sikukuu

Tarehe 26 hadi 31 Desemba, jaza kalenda kwa mambo madogo yenye saa: kupanda mlima, kufua mapazia, kumtembelea yule mgonjwa mara ya pili. Ya pili ndiyo atakayoikumbuka, kwa sababu wageni wa Desemba wengi huja mara moja. Andika barua za shukrani kwa mkono kabla ya mwaka mpya, na kwa kila nyumba iliyokupokea taja kitu kimoja halisi ulichokiona mezani pao.

Kisha, karibu na sikukuu ya Epifania, keti uandike karatasi ya kumwachia atakayekuja baada yako. Usiandike ushauri wa maisha. Andika basi la mwisho huondoka saa ngapi, mlango upi wa kanisa hubaki wazi, nani wa kutembelewa, mbwa yupi hang'ati, nani atakayemkaribisha na kwamba aende. Usiandike siri ya mtu. Ikunje, uiweke mahali ambapo mkono wake utafika akitafuta kitu kingine.

Mimi niliiacha ileile kwenye droo, chini ya vijiko, nikaongeza mstari wa nne: kuna kiti karibu na dirisha, mto wake umechakaa upande mmoja, ukikalishwa hapo, kaa.